Mgonjwa Anayeulizwa Uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mtabibu wa homiopathia, tiba mbadala ya vidonge vya sukari vilivyotiwa kiini kilichozimuliwa mno, anauliza. Anauliza kama unaupenda wa moto au uliopoa, kama unatamani chumvi au sukari, kama ukishikwa na homa unataka mtu akae karibu nawe au unataka mlango ufungwe. Anauliza unalalia ubavu gani, unaota nini, ulilia lini mara ya mwisho na nani alikuwepo. Mahojiano ya kwanza huchukua saa moja, mara nyingine saa moja na nusu. Mgonjwa aliyezoea foleni ya kituo cha afya, anayeingia kwa daktari na daftari lake likiwa limeshafunguliwa mkononi na kutoka kabla kiti hakijapata joto, huondoka hapo akiwa mwepesi kuliko alivyokuja. Ameguswa.

Kilichomgusa ni nini? Mtetezi wa homiopathia atakuambia ni kidonge. Mpinzani atakuambia hakuna kilichomgusa, kajidanganya tu. Wote wawili wamekosea, na kosa lao lingerekebishwa na saikolojia ya msingi kabisa, ile inayofundishwa mwaka wa kwanza. Ninavyoona, kinachofanya kazi pale ni maongezi. Maongezi yana kanuni, hufundishika, hupimika, na yana mipaka mikali. Mtabibu asiyezijua kanuni hizo anaendesha pikipiki asiyojua breki zake ziko wapi.

Tulimalize la kidonge kwanza, maana halichukui muda. Kichupa kilichoandikwa 30C maana yake tone moja la kiini liliwekwa kwenye matone 99 ya maji yenye pombe, likatikiswa, kisha tone moja la mchanganyiko huo likaingizwa kwenye matone mengine 99, hivyo hivyo mara 30. Kila hatua hupunguza kiini mara 100. Mwanafunzi wa kemia wa sekondari anaijua namba ya Avogadro, 6.022 × 10²³, idadi ya molekuli katika moli moja ya kitu. Ukifika hatua ya 12 umeshaivuka, na uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ni mdogo. Hatua ya 30 iko mbali mno na hapo. Kinachoyeyuka ulimini ni sukari. Yako maelezo kwamba maji hukumbuka kilichopita ndani yake. Siyafuati, kwa sababu hata yangekuwa kweli yasingeeleza matokeo yafuatayo.

Mwaka 2011 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha jaribio lililoandikisha wagonjwa 83 wa baridi yabisi ya viungo waliokuwa wakiendelea na dawa zao za hospitali. Wapo waliohojiwa kwa utaratibu kamili wa homiopathia na kupewa dawa yake. Wapo waliohojiwa vilevile lakini wakapewa kidonge kitupu. Wapo waliopewa vidonge bila mahojiano hayo. Ilipofika wiki ya 24, waliohojiwa walikuwa na nafuu kuliko wasiohojiwa. Baina ya waliopewa dawa na waliopewa kidonge kitupu, tofauti haikuonekana. Kama maji yangekuwa yanakumbuka, ingeonekana hapo.

Miaka mitatu kabla yake, kundi la Ted Kaptchuk wa Harvard lilikuwa limefanya jambo la werevu zaidi kwa wagonjwa 262 wenye maumivu ya utumbo yanayorudi-rudi. Theluthi moja waliwekwa kusubiri. Theluthi ya pili walipata sindano za bandia za tiba ya Kichina, zisizopenya ngozi, kutoka kwa mtaalamu aliyezungumza nao dakika kama tano kisha akanyamaza. Theluthi ya mwisho walipata sindano zilezile za bandia, ila mtaalamu alianza kwa mazungumzo ya dakika 45: aliuliza maradhi yanaathirije maisha, alirudia maneno ya mgonjwa, alinyamaza kidogo akitafakari. Baada ya wiki tatu waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28, 44 na 62. Ukitoa 44 kwenye 62 unabaki na 18, na hiyo 18 haikutoka kwenye sindano yoyote. Ni thamani ya dakika 40 za mtu kukaa na mwenzake.

Hapo mtabibu wa homiopathia anaweza kushangilia. Asiharakishe. Kuna jaribio jingine la mwaka 2011, la wagonjwa wa pumu nchini Marekani, ambalo ningependa libandikwe ukutani katika kila chumba cha tiba mbadala hapa Uganda, kuanzia Kampala hadi Arua. Wagonjwa walipewa kwa zamu dawa halisi ya kuvuta, dawa ya bandia ya kuvuta, sindano za bandia, na siku nyingine hawakupewa kitu. Walipoulizwa wanajisikiaje, dawa halisi ilipata asilimia 50 ya nafuu, dawa ya bandia 45, sindano za bandia 46, na kutopewa kitu 21. Bandia na halisi karibu sawa. Kisha wakapulizishwa kwenye mashine inayopima nguvu ya pumzi. Dawa halisi ilikuwa imeongeza pumzi kwa asilimia 20. Nyingine zote tatu ziliongeza karibu asilimia 7, pamoja na ile ya kutopewa kitu.

Yaani mgonjwa alijisikia vizuri, na mapafu yake yalikuwa yamebana vilevile. Mtu wa namna hiyo hufa usiku akiwa anamshukuru mtabibu wake.

Basi kila dhana ya saikolojia ninayoitaja hapa ina pande mbili. Upande mmoja unamsaidia mgonjwa ajisikie vizuri, na hilo si dogo, kwani sehemu kubwa ya mateso ni namna tunavyojisikia: maumivu ya mgongo, kukosa usingizi, kichefuchefu, uchovu, hofu. Upande mwingine unamlaghai mtabibu mwenyewe.

Kusikiliza ndiko mahali mtabibu huyu amewatangulia wengine. Utafiti wa mwaka 1984 huko Marekani ulikuta madaktari wakimkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18, na wa mwaka 1999 ukakuta sekunde 23. Samuel Hahnemann, Mjerumani aliyeanzisha homiopathia, alishayakataza hayo katika kitabu chake cha kanuni kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1810: mtabibu anyamaze mgonjwa akisema, aandike kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, asiulize swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1957, mwanasaikolojia Carl Rogers aliandika masharti anayoyaona ya lazima ili mtu abadilike akiwa na mshauri, na matatu kati yake yanamhusu mshauri: awe mkweli, ampokee mtu bila kumwekea masharti, na auelewe ulimwengu wake kama anavyouona yeye. Mtu aliyefuata maagizo ya Hahnemann vizuri alikuwa ameshafika nusu ya njia.

Nusu iliyobaki ndiyo inayoharibika vyumbani, na huharibika kwa vitu vidogo. Meza kubwa katikati, simu iliyolala kifudifudi lakini inatetemeka, mlango usiofungika. Vigeuze viti vitazamane kwa pembe, ili mgonjwa aweze kukutazama akitaka na kutazama dirisha asipotaka. Anza na ombi moja: “Niambie kilichokuleta, anzia popote.” Kisha nyamaza dakika mbili au tatu hata kama unajua anaelekea wapi. Akikwama, rudia maneno yake mawili ya mwisho, usiongeze yako. Akilia, subiri. Kumpa kitambaa haraka mno ni namna ya kumwambia anyamaze.

Mwishoni, mrudishie ulichosikia kwa sentensi nne au tano, na umalize na “nimekosea wapi?” Usimalize na “sivyo?” Adabu zetu zinaharibu takwimu. Mtu aliyelelewa kupiga magoti akisalimia wakubwa hatamwambia musawo, yaani daktari, kwamba hakuelewa. Ataitikia “ndiyo ssebo”, “ndiyo nyabo”, atashukuru, ataondoka. Kwa adabu hiyohiyo, wiki mbili baadaye akiulizwa “umepata nafuu?” atajibu amepata, hata kama hakulala usiku kucha. Swali la nafuu liulizwe kwa namba: kuanzia 0 hadi 10, jana jioni maumivu yalikuwa ngapi? Umelala saa ngapi usiku wa kuamkia leo? Uliweza kuchota maji mwenyewe? Namba haina mzee wa kumheshimu.

Kuna suala la nani yuko chumbani. Mgonjwa huja na mama mkwe, na mama mkwe ndiye anayeeleza ugonjwa. Mpokee kwa heshima, msikilize dakika kumi, kisha mwombe akapumzike nje, na hizo dakika 15 za faragha zisikosekane hata kama zitazua minong’ono. Mficha uchi hazai, lakini hakuna anayeweka uchi wake wazi mbele ya mama mkwe.

Na kuna suala la lugha. Kwa Waganda, Waacholi, Walugbara wengi, Kiswahili ni lugha ya soko, ya mpaka wa Malaba, ya kambi ya jeshi. Kilio kina lugha nyingine. Watafiti waliofanya kazi na vijana wa kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda waliorodhesha maneno ya Kiacholi yaliyo karibu na sonona, ugonjwa wa huzuni iliyozidi, miongoni mwao two tam, par na kumu, na ma lwor lililo karibu na ugonjwa wa wasiwasi. Waliofanya kazi Masaka na Rakai walikuta yo’kwekyawa, kujichukia, na okwekubaziga, kujihurumia. Mtabibu akiyaandika yote manne au matano kama “huzuni” ameshapoteza nusu ya alichoambiwa. Aandike neno lilelile, kisha aombe mfano: mtu mwenye hali hiyo hufanya nini asubuhi? Na mkalimani asiwe mtoto wa mgonjwa. Mama hatasema mbele ya binti yake wa miaka 11 kwamba anatamani kufa.

Sasa upande wa pili, ule wa kujilaghai. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo, kwa kuwa ndipo watu wema wanapoangukia.

Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake na kumtaka ayape alama kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wanafunzi walistaajabu jinsi walivyofahamika. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale. Sasa fungua kitabu cha dawa za homiopathia usome picha ya Natrum muriaticum, yaani maelezo ya mtu anayefaa kupewa dawa hiyo: anaficha huzuni, hapendi kufarijiwa mbele za watu, anakumbuka waliomkosea, anatamani chumvi. Ni nani asiyejiona hapo, hasa akiwa amefiwa? Mgonjwa akitokwa machozi akisomewa picha hiyo, mtabibu huamini amepata dawa “yake”. Huenda amepata karatasi ya Forer.

Jaribio la kujipima ni rahisi. Mwandikie mgonjwa aya mbili: moja ya dawa uliyoichagua, nyingine ya dawa ambayo una hakika si yake. Usimwambie ipi ni ipi. Azipe alama. Fanya hivyo kwa wagonjwa 20 mfululizo na uandike. Kama aya zote mbili zinapata nne, picha zako hazitofautishi watu.

Mtego wa pili una asili ya mwaka 1960. Peter Wason aliwaonyesha watu namba 2, 4, 6 na kuwaambia zinafuata kanuni fulani, waigundue kwa kupendekeza namba nyingine tatu. Wengi walidhani ni kuongeza mbili, wakajaribu 8, 10, 12, wakaambiwa sawa, wakajaribu 20, 22, 24, wakaambiwa sawa, wakatangaza ushindi. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Wangejaribu 1, 2, 50 wangejua. Hawakujaribu kwa sababu hakuna aliyetafuta jibu la kumkatalia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Mtabibu akishaingiwa na wazo la dawa ya Arsenicum kwenye dakika ya kumi, maswali yote yanayofuata yanageuka kuwa 8, 10, 12: unaogopa ukiwa peke yako? unakunywa maji kidogo kidogo? unazidiwa usiku wa manane? Hakuna mgonjwa mwenye wasiwasi atakayejibu hapana mara tatu. Kitabu cha dalili cha James Tyler Kent, cha mwaka 1897, kinaanza na sura ya akili, na mafunzo mengi hufuata mpangilio huo, kwa hiyo wazo la kwanza huwa ni la tabia, na tabia ndiyo rahisi kuliko vyote kuivuta upande unaoutaka. Dawa ya mtego huu ni karatasi. Kabla hujauliza swali la mwisho, andika dawa tatu unazozifikiria, na mbele ya kila moja andika jibu ambalo mgonjwa akilitoa utaifuta. Uliza hilo.

Wa tatu ni wa hesabu, na ndio uliowapa umaarufu waganga wa kila aina tangu zamani. Francis Galton aliueleza mwaka 1886 akipima urefu wa wazazi na watoto: kipimo kilichopita kiasi hufuatwa na kilicho karibu zaidi na wastani. Maumivu ya mgongo ya mtu hupanda na kushuka, tuseme baina ya 3 na 8. Siku ya 4 haendi kwa yeyote. Siku ya 8 ndiyo anayopanda boda boda kuja kwako. Ukimpima tena baada ya wiki mbili, uwezekano mkubwa ni kumkuta 5, umpe kidonge, umpe maji ya mvua, usimpe chochote. Njia ya kupunguza ulaghai huu ni kupima zaidi ya mara moja kabla ya kuanza: mpe mgonjwa karatasi ya siku saba aandike namba kila jioni, kisha wastani wa wiki hiyo ndio uufananishe na wastani wa wiki ya sita. Ugonjwa wa kudumu unaweza kungoja siku saba. Usioweza kungoja siku saba haupaswi kuwa kwako.

Ongeza hapo desturi yetu ya kutibiwa kila mahali kwa pamoja. Jumatatu kameza Coartem, dawa ya malaria, aliyoinunua duka la dawa, Jumanne kaja kwa mtabibu wa homiopathia, Jumatano kaombewa, Alhamisi jasho limekatika. Kila mmoja wa hao watatu anamhesabu kwake. Swali “umetumia nini kingine siku 14 zilizopita?” liulizwe kila ziara, bila uso wa hukumu, vinginevyo utadanganywa.

Kuna mtego wa nne ambao homiopathia imejijengea yenyewe. Mgonjwa akipata nafuu, dawa imefanya kazi. Akizidiwa, dawa imeanza kufukua ugonjwa, ni dalili njema. Asipobadilika, nguvu ya dawa haikuwa sahihi, au amekunywa kahawa ikaiua. (Katika nchi inayoishi kwa kahawa, kisingizio hiki kina soko la uhakika.) Dai lisiloweza kushindwa na tukio lolote halijashinda chochote. Zaidi ya hapo lina madhara. Mwambie mtu “utazidiwa siku tatu” na wapo watakaozidiwa kwa sababu umewaambia. Wanasaikolojia huiita nosibo, pacha mbaya wa plasibo, ile nafuu iletwayo na kidonge kitupu. Na atakayezidiwa kwa sababu halisi, kwa mfano nimonia, atakaa nyumbani akifurahia dalili njema. Andika kwenye faili, siku ileile ya kwanza, mbele ya mgonjwa: tarehe fulani, kama namba haijashuka kwa mbili, nitasema haikufaa. Andika pia dalili zitakazomtoa nyumbani kwenda hospitali usiku huohuo.

Na wahesabu wasiorudi. Tuseme umeona wagonjwa 40, wamerudi 15, na 11 kati yao wanasema wamepata nafuu. Ukihesabu waliorudi tu unatembea na asilimia 73 mdomoni. Ukihesabu wote una asilimia 27 na nusu yenye uhakika, na watu 25 usiojua habari zao. Kuwapigia simu hao 25 ni gharama ya muda wa maongezi tu.

Niingie kwenye msiba, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona homiopathia ikipoteza nafasi iliyokuwa mkononi. Dawa zake zimepangwa kwa majonzi: Ignatia kwa msiba mbichi, Natrum muriaticum kwa ulionyamaziwa miaka. Kwa hiyo mtabibu huuliza, na mgonjwa husimulia kifo, talaka, shamba lililouzwa bila yeye kujua. Wakati huo huo kidonge kinatolewa na faili linafungwa, wakati kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Tunajua kazi hiyo ikiendelea huwa vipi, na tunajua kutoka hapa hapa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watu wenye dalili za sonona walikutana kwa vikundi, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofunzwa wiki mbili. Walizungumzia mambo yanayoleta sonona: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko ya maisha. Mwishoni, waliobaki na sonona kubwa kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5. Kwenye vijiji vilivyosubiri walikuwa asilimia 54.7. Hakuna kidonge kilichotumika, cha sukari wala cha aina nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo mwaka 2016, wa vikao nane. Mtabibu mwenye kipaji cha kusikiliza, chumba tulivu na imani ya wateja wake ana kila kitu kinachohitajika isipokuwa hayo mafunzo.

Kwa sababu hiyo naona kila chumba cha homiopathia kingetumia PHQ-9, karatasi ya kupima sonona, ziara ya kwanza. Maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 5 hadi 9 ni hali nyepesi, 10 hadi 14 ya kati, 15 hadi 19 ya kati iliyozidi, 20 na zaidi ni kali. Kuanzia 10, kidonge pekee ni utelekezaji. Kuanzia 15 mtu apelekwe kwa mtaalamu. Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, lina kanuni yake: likipata alama yoyote zaidi ya 0, uliza papo hapo kama ana mpango, kwa njia gani, lini. Kuuliza hakumtii mtu wazo asilokuwa nalo. Uliza kwa jina kuhusu dawa za kuulia wadudu zilizoko nyumbani. Kwenye kaya ya wakulima huwa ndani ya chumba kilekile anacholala mtu. Ukijibiwa ndiyo, asiachwe peke yake, dawa hizo zihamishwe, na apelekwe hospitali ya akili ya Butabika au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Tegemea pia kufichwa, kwani kwa miongo mingi sheria ya jinai imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanajua.

Mipaka mingine haihitaji falsafa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya wazi dhidi ya kutegemea homiopathia kwa VVU, kifua kikuu, malaria, mafua makali na kuhara kwa watoto wachanga. Mtoto mwenye homa apimwe kwa tone la damu. Majibu ni ndani ya nusu saa. Homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe, na ikishuka siku ya pili mtabibu na mama watafurahi pamoja huku vimelea vikiongezeka. Ni kejeli ya historia kwamba Hahnemann alianzia kwenye ganda la mti wa kwinini mwaka 1790, dawa halisi ya malaria iliyomtia shaka ya jinsi dawa zinavyofanya kazi. Kikohozi kilichovuka wiki mbili kipimwe makohozi. Dawa za VVU, ARV, zisisimamishwe hata siku moja. Dawa ya kifafa isikatizwe ghafla, kwa sababu kukatizwa kwenyewe huleta degedege lisilokoma.

Bado linabaki swali ambalo mgonjwa mwerevu atauliza akiwa ameshika kichupa: “Musawo, hii inafanyaje kazi?” Watabibu wengi huona wana njia mbili tu, kudanganya au kufunga biashara. Iko ya tatu. Mwaka 2010 Kaptchuk na wenzake walichukua wagonjwa 80 wa utumbo na kuwaambia karibu nusu yao wazi kwamba vidonge wanavyopewa havina dawa ndani, lakini kwamba mwili unaweza kuitikia desturi ya kutibiwa. Baada ya wiki tatu asilimia 59 yao walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 ya waliohudumiwa vilevile bila vidonge. Hawakudanganywa, wala hawakuponywa saratani. Ni utumbo uliotulia.

Kwa hiyo jibu linaweza kuwa hili, na lisemwe kwa lugha ya mgonjwa: “Ndani yake ni sukari. Kilichokusaidia leo ni kwamba umesema yote na umesikilizwa, na tutaendelea kufanya hivyo kila Jumanne. Ukipenda, kimeze jioni ukikumbuka tuliyokubaliana. Ukipata homa, usikimeze. Nenda ukapimwe.”